Je, wajua radi hutangaza dhoruba kabla haijafika ziwani?

Giza linapoingia Dunga, Kisumu, wavuvi wa omena hufunga taa zao vizuri na kusukuma mashua majini. Omena hufuata mwanga, kwa hiyo huvuliwa usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi. Na usiku huohuo ndio wakati wa dhoruba za Ziwa Victoria. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu hujikusanya juu ya vilima vya Kericho na Nandi. Usiku nchi kavu hupoa upesi, upepo hushuka ziwani kutoka pande zote, ukikutana juu ya maji yenye joto hewa haina pa kwenda ila juu.

Hewa hiyo inayopaa ndiyo huzaa radi. Ndani ya wingu, kwenye baridi kali, chembe za barafu hugongana na vijiwe laini vya barafu vilivyo vizito zaidi. Kwa kawaida chembe nyepesi huondoka na chaji chanya na kupeperushwa juu, vijiwe hubaki chini yake na chaji hasi. Chaji hizo mbili zikizidi, umeme huruka kati yake, na hiyo ndiyo radi. Hewa ikipaa kwa nguvu zaidi, migongano huongezeka, na radi nazo huongezeka.

Basi anayehesabu radi anapima nguvu za wingu. La kuangalia ni mruko: wingu lililokuwa likimulika mara 5 kwa dakika, ghafla linamulika mara 20. Mara nyingi upepo mkali au mvua ya mawe hufuata dakika 10 au 20 baadaye. Lakini lazima zihesabiwe radi zote, maana nyingi huishia mawinguni bila kugusa ardhi.

Zinahesabiwaje? Washa redio ya AM mvua ikikaribia, utasikia ikikwaruza kila umeme unapomulika. Mkwaruzo huo ni mawimbi ya redio yanayotoka kwenye radi, yakisafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Vituo kadhaa huyanasa, na kwa kuwa hayafiki kote kwa wakati mmoja, tofauti hiyo ndogo mno ya muda huonyesha radi ilipiga wapi. Ndiyo maana hakuna haja ya kusimamisha mnara katikati ya ziwa lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,000. Isitoshe, tangu Desemba 2022 kuna setilaiti ya Ulaya, kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambayo kamera zake hupiga picha 1,000 kwa sekunde kutafuta radi, Afrika ikiwemo.

Hata hivyo dakika 20 hazimtoshi mwenye makasia aliye kilomita 5 kutoka ufuoni kurudi nchi kavu. Zinamtosha kuvuta wavu, kuvaa jaketi okozi na kuelekeza mashua kwenye mawimbi, na hilo peke yake huokoa maisha. Kilicho bora zaidi ni onyo la jioni. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Wim Thiery walionyesha kuwa dhoruba za mchana nchi kavu kuzunguka ziwa huongeza uwezekano wa dhoruba kali ziwani usiku unaofuata. Yaani radi zinazohesabiwa alasiri huko vilimani zinamhusu mvuvi wa Dunga ambaye bado hajafunga taa zake.