Tofauti ya "historic" na "historical"

Maneno haya mawili ya Kiingereza yanawatatiza waandishi wengi wa Kiswahili, na nadhani sababu iko katika lugha yetu wenyewe. Sisi tuna "-a kihistoria", na hiyo hubeba yote: mkutano wa kihistoria, riwaya ya kihistoria, takwimu za kihistoria. Masikio yetu hayasikii kwamba kila mara "-a kihistoria" inafanya kazi tofauti. Kwa Mwingereza, mkutano ule ni historic, ilhali riwaya na takwimu ni historical.

Historic ni neno la kupima uzito. Anayeliita jambo historic anatoa hukumu kwamba jambo hilo limeandika historia, yaani litakumbukwa kwa sababu limebadili kitu. Halihitaji kuwa la zamani. Tarehe 20 Julai 1969, binadamu walipotua mwezini kwa mara ya kwanza, tukio lilikuwa historic saa ileile, watu wakiwa bado wamekodolea macho televisheni.

Historical halipimi chochote. Linasema tu kwamba kitu kinatoka zamani, au kinahusu historia kama taaluma. Chukua orodha ya mizigo iliyoandikwa na karani asiyejulikana miaka 300 iliyopita. Hiyo ni historical document. Haikubadili maisha ya mtu, lakini mtafiti ataifurahia kwa sababu inamwonyesha watu wa siku zile walisafirisha nini. Magna Carta, hati ya Uingereza ya mwaka 1215, ni historical kwa kuwa ni ya kale, na ni historic pia, kwa sababu ya nafasi iliyopata katika fikra za sheria.

Kuna maana moja ya historical ambayo hupotea kabisa katika tafsiri, nayo ni "aliyekuwepo kweli". Julius Caesar, mtawala wa Roma ya kale, ni historical figure: aliishi, na ushahidi upo. Mfalme Arthur wa masimulizi ya Uingereza, wataalamu wengi hawamhesabu hivyo, kwa sababu hakuna ushahidi wa kutosha kwamba aliishi. Hapa hatujadili nani alikuwa mkubwa kuliko mwenzake. Tunatenganisha historia na ngano. Ukitafsiri "mtu wa kihistoria", msomaji ataelewa "mtu mashuhuri", na hoja nzima itakuwa imegeuzwa. Afadhali kusema wazi: mtu aliyeishi kweli.

Mahali ambapo kosa lina madhara zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye takwimu. Historical rainfall ni mvua ya miaka iliyopita, ile kumbukumbu ambayo wataalamu wa hali ya hewa hulinganisha nayo mvua ya msimu huu. Historic rainfall ni mvua kubwa isiyo ya kawaida, ambayo watu watakuja kuisimulia. La kwanza ni jedwali, la pili huenda likawa mafuriko. Vivyo hivyo katika fedha: historical prices ni bei za siku za nyuma tu, hata kama hazikupanda wala kushuka, ilhali historic high ni kilele ambacho bei haikuwahi kukifikia kabla ya hapo. Ripoti ikiandika "mvua za kihistoria" bila maelezo zaidi, msomaji hawezi kujua kama anapewa wastani au tahadhari.

Asili ya maneno yote mawili ni moja, Kigiriki historia, ambalo mwanzoni lilimaanisha uchunguzi, kuuliza ili kujua. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, alilitumia hivyo katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Kwa muda mrefu Waingereza wenyewe walichanganya historic na historical bila wasiwasi. Mgawanyo wa leo umejengwa na matumizi. Ndiyo maana usitarajie kanuni itakayofaa kila neno lenye miisho ya -ic na -ical. Economic na economical zimeachana kweli: la kwanza ni la uchumi, la pili ni la kitu kisichofuja, kama gari lisilonywa mafuta mengi. Lakini geographic na geographical zina maana ileile.

Hata kwa jozi yetu yenyewe mpaka una mianya. Nchini Uingereza, polisi na vyombo vya habari husema historic offences wakimaanisha makosa yaliyotendwa miaka mingi iliyopita, wala hawasifii uzito wake. Wahasibu hutumia historic cost na historical cost kwa maana moja, yaani gharama ya awali ya kununulia mali. Na kielezi ni kimoja tu, historically, kwa maneno yote mawili.

Ninapotafsiri, historic huwa "lililoandika historia" au "la kukumbukwa". "Mkutano wa kihistoria" umeshazoeleka na siupingi. Historical ndiyo huniweka mezani kwa muda mrefu: mara "ya zamani", mara "ya miaka iliyopita", mara "inayohusu historia", mara "aliyeishi kweli". "Riwaya ya kihistoria" naiacha ilivyo, kwa kuwa hapo kila mtu anajua ni riwaya iliyojengwa juu ya matukio ya kale. Mwingereza akiiita historic novel, anasema riwaya yenyewe ndiyo iliyobadili fasihi, hata kama hadithi yake ni ya jana.