Kataluma: mahali pa kufikia

Katika kila igizo la Krismasi nililoliona hapa Dodoma yupo mtoto anayecheza mwenye gesti. Yusufu na Maria wanabisha hodi, naye anachungulia, anasema hakuna nafasi, anafunga mlango. Watoto wetu hawahitaji kuelezwa. Bunge la bajeti likianza wanaona gesti zinavyojaa. Mwaka juzi, baada ya igizo, binti mmoja wa shule ya Jumapili aliniuliza: "Mwalimu, kwani Yusufu hakuwa na shangazi Bethlehemu?"

Sikuwa na jibu, nikamwahidi kwamba nitatafuta. Kutafuta kwenyewe kukanifikisha kwenye neno moja la Kigiriki, kataluma.

Ndilo alilotumia Luka (2:7) anapoeleza kwa nini mtoto alilazwa katika hori ya kulia ng'ombe: hapakuwa na nafasi katika kataluma. Mzizi wake ni kitenzi cha kufungua, kama unavyofungua mizigo ukimaliza safari na kumwacha punda apumzike. Sisi jambo hili tuna namna yetu ya kulisema. Mgeni akionekana kijijini anaulizwa, "Umefikia kwa nani?" Kataluma ni mahali pa kufikia. Neno lenyewe ni pana: katika Agano la Kale la Kigiriki limetumika hata kwa mahali ambapo Musa alilala njiani akirudi Misri (Kutoka 4:24). Ndiyo maana wapo wasomaji makini ambao bado wanaona kwamba Luka alimaanisha nyumba ya wasafiri.

Mimi naegemea upande mwingine. Luka analitumia neno hilo hilo mara nyingine (22:11) kwa chumba ndani ya nyumba ya mtu, kile ambacho Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake. Lakini katika habari za Msamaria mwema, aliyempeleka majeruhi mahali pa kulipia na kumwachia mwenyewe dinari mbili, anatumia neno tofauti kabisa, pandokeioni. Biblia ya Kiswahili niliyokua nayo inayaita yote mawili nyumba ya wageni. Nadhani hapo ndipo mwenye gesti wetu alipopata mlango wa kuingilia, kwa sababu Luka mwenyewe hamtaji popote. Tena Yusufu alikuwa anakwenda mji wa ukoo wake. Na mstari wa 6 unasema siku za Maria za kuzaa zilitimia wakiwa wanakaa huko, kwa hiyo hatulazimiki kuwaza uchungu umemshika usiku ule ule wa kuwasili, barabarani, milango ikifungwa. Walikuwa wameshafika. Walikuwa wamefikia mahali.

Basi hori ilitoka wapi? Hapa alinisaidia marehemu bibi yangu wa upande wa Mvumi kuliko kitabu chochote. Nyumba yake ilikuwa tembe la Kigogo: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, vyumba vimeuzunguka ua, na ng'ombe wanalala humo humo uani. Ndama na vitoto vya mbuzi vililala ndani. Tukijaa wakati wa sikukuu tulisogezana mpaka karibu navyo, na asubuhi nguo zilinuka mbuzi. Hakuna aliyeona kwamba amefukuzwa. Nyumba za watu wa kawaida za Palestina ya zamani nazo mara nyingi ziliweka watu na mifugo chini ya paa moja, mifugo upande wa chini, na hori katikati au pembeni. Chumba cha wageni kikijaa, mzazi anahamishiwa pale penye nafasi na joto. Nikiisoma hivyo, hori inaacha kuwa alama ya kukataliwa. Inakuwa mahali pa mtoto aliyezaliwa katika nyumba iliyojaa watu.

Nilipofika hapo nilifurahi, nikarudi kwa binti yule na kumwambia kwamba huenda shangazi alikuwepo. Akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa mbona hatajwi?"

Swali hili limenikaa kuliko lile la kwanza. Vitenzi vyote vya mstari wa 7 ni vya Maria: akamzaa, akamvika nguo za kitoto, akamlaza. Hakuna mwanamke mwingine, hakuna aliyechemsha maji, hakuna aliyekata kitovu. Bibi yangu alizalisha wanawake wengi kijijini, na kwake mstari huu ulikuwa mgumu kweli: kifungua mimba, ugenini, na mama peke yake? Si sisi wa kwanza kusumbuka. Katika karne ya 2 tayari kulikuwa na maandishi, yanayoitwa Injili ya Yakobo, yaliyompa Maria pango na mkunga. Naelewa kwa nini waliongeza. Lakini kuongeza si kujua, nami sitaki imani yangu isimame juu ya mkunga niliyemtunga mwenyewe.

Kwa hiyo nimejifunza kusali nikiwa na swali mkononi. Zamani niliogopa maswali ya namna hii, nikidhani kila pengo katika Injili ni ufa katika imani. Sasa kila mkesha wa Krismasi, wakati mvua za kwanza zimeshaanza na watu wamerudi kutoka kupanda mtama, nasoma sura ile ya pili na kusimama kidogo baada ya mstari wa 7, kabla wachungaji hawajaingia. Namuuliza Bwana nani alikuwa pale na mama yake. Kisha naendelea na mstari wa 8.

Igizo letu tumelibadilisha. Mwenye gesti hayupo tena, na aliyekuwa akimcheza sasa ni mchungaji wa tatu. Binti yule aliomba apewe sehemu ya mwanamke wa nyumba ile. Nilimwambia kwamba Luka hakumpa maneno. Alisema hahitaji maneno, atakaa tu karibu na hori na kushika taa.