Dawa za mifupa hazikazi nyonga bandia iliyolegea

"Nyonga yake imelegea, wampe dawa za mifupa ikaze." Kauli hii naisikia mno, na inaniumiza, maana mgonjwa anayeiamini anaweza kumeza vidonge miezi mingi huku mfupa wake ukizidi kuliwa.

Nyonga bandia imelegea inapopoteza mshiko wake kwenye mfupa. Haijachomoka. Kuchomoka ni kichwa cha kiungo kutoka kwenye kikombe chake, ghafla, na mtu hawezi hata kukanyaga. Kulegea huja polepole, mara nyingi baada ya miaka: paja au kinena kinauma mtu anapoinuka kitini, maumivu yanapoa baada ya hatua chache, kisha yanarudi akitembea sana. Kwenye eksirei huweza kuonekana mstari mwembamba mweusi kandokando ya kiungo, pale ulipopaswa kuwa mfupa.

Chuma chenyewe huwa kizima. Ni kama nguzo ambayo udongo wake umemomonyoka. Kichwa kinaposugua kikombe cha plastiki hutoa chembe zisizoonekana kwa macho. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuzisaga, na hutoa kemikali zinazoamsha osteoklasti, yaani seli zinazokula mfupa. John Charnley, daktari wa Uingereza aliyeasisi nyonga bandia ya kisasa, alikutana na balaa la chembe hizi mapema: vikombe vyake vya Teflon vililika upesi mno, ikabidi wagonjwa wapasuliwe tena, na mwaka 1962 akahamia poliethilini, plastiki ya aina nyingine. Plastiki ya siku hizi hulika kidogo zaidi, ila haijaacha kulika.

Alendroneti na wenzake, ndizo hizo dawa za mifupa, hufanya kazi hapo kwenye osteoklasti. Hunasa kwenye madini ya mfupa. Seli inayokula mfupa huo huimeza dawa, ikadhoofika au kufa. Katika majaribio, dawa hizi zimepunguza upotevu wa mfupa kuzunguka kiungo kipya. Uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa nao umeonyesha kuwa wanaozitumia hurudiwa upasuaji mara chache zaidi, ingawa hilo peke yake halithibitishi kwamba dawa ndiyo sababu, kwa kuwa watu hao huenda wanatofautiana na wengine kwa mengi.

Lakini kuzuia mfupa usiliwe ni jambo moja, na kurudisha mshiko uliokwisha kupotea ni jambo jingine kabisa. Kiungo kilicholegea kikawa kinauma, kwa kawaida hutengenezwa kwa upasuaji, na kabla ya hapo lazima ihakikishwe kwamba hakuna bakteria, kwani maambukizi nayo hulegeza. Kwa hiyo mwenye osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua na kuwa dhaifu, na aendelee na dawa yake kama alivyoandikiwa, kwa ajili ya osteoporosisi. Maumivu mapya ya nyonga yaanzie kwa daktari wa mifupa, kwenye eksirei na vipimo vya damu.