Saundi kadi haijafa: dhana potofu kuhusu sauti ya kompyuta ya nyumbani

Jirani yangu alinifikia jioni na kompyuta yake ya mezani begani, ameifunika kanga kwa sababu ya manyunyu. "Fundi, saundi kadi imekufa. Nipe tu bei ya mpya." Nikaiunganisha na skrini yangu ya zamani, nikachomeka spika kwenye tundu la kijani, sauti ikatoka. Alinitazama kama nimemfanyia kiini macho. Kumbe siku tatu kabla alikuwa amenunua skrini mpya na kuiunga kwa waya wa HDMI.

Hii ndiyo dhana inayowatoa watu fedha kuliko zote: kompyuta ikinyamaza, saundi kadi, yaani kipande kinachotoa sauti, imekufa. Kadi za sauti hufa, sikatai, ila ni mara chache. Mara nyingi sauti ipo, imepelekwa kwingine. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja, na kadi ya picha ina kifaa chake cha sauti ndani. Windows ikiona skrini mpya, mara nyingi inaamua yenyewe kuwa sauti iende huko. Skrini haina spika? Basi, sauti inaishia humo humo.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, gonga Enter. Kitafunguka kidirisha chenye orodha ya njia zote za kutolea sauti, na yenye tiki ya kijani ndiyo inayotumika. Kwa jirani yangu tiki ilikuwa imekaa juu ya jina la skrini. Chagua spika, bofya Set Default, kazi imekwisha. Kisha cheza wimbo na utazame vistari vilivyo upande wa kulia wa kila kifaa. Vikipanda na kushuka kwenye jina la spika lakini husikii kitu, shida iko nje: waya, tundu au spika zenyewe. Visipocheza kabisa, sauti haijafika hapo, na hakuna haja ya kugusa bisibisi. Wa Linux wafungue terminali waandike alsamixer. Chini ya mstari wa sauti ukiona herufi MM, umezimwa. Bonyeza M uufungue. Nimewahi kuona mtu amefuta mfumo mzima na kuuweka upya kwa sababu ya hizo herufi mbili.

"Bila CD ya draiva (programu inayoendesha kifaa) hupati sauti"

Ilikuwa kweli zamani. Mwaka 2004 Intel ilitoa HD Audio, kanuni ya pamoja ya vifaa vya sauti, na sauti ya mazabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi zilizofuata inaielewa. Windows na Linux zina draiva yake ndani tayari, kwa hiyo ukimaliza kuweka mfumo, sauti ya kawaida hutoka bila CD yoyote. Vivyo hivyo kwa vile vikadi vya USB vya bei rahisi: unachomeka, unasubiri kidogo, vinafanya kazi. Kwenye orodha ya vifaa ukikuta imeandikwa "High Definition Audio Device", hilo si kosa. Maana yake unatumia draiva ya Windows badala ya ile ya mtengenezaji wa chipu, kama Realtek. Ya mtengenezaji huongeza mambo kama kusawazisha besi au kutambua umechomeka nini, na mahali pa kuipata ni tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, kwa namba ya modeli yako. Programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mpigo, ziache. Zinaleta matangazo kuliko sauti.

"Kadi yoyote inaingia kompyuta yoyote"

Hapa niliumia mwenyewe. Nilinunua kadi dukani kwa kuiangalia kwa nje ya boksi, nikafika nyumbani nikakuta ni ya PCI, aina ya zamani ya sloti (tundu refu la kadi), na mazabodi yangu ina sloti za aina mpya, PCI Express, peke yake. Meno hayalingani, na ukilazimisha unavunja. Muuzaji alisema kikishafunguliwa hakirudi.

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwetu ni zile zilizotumika maofisini ughaibuni, na nyingi zina kasha jembamba. Hata ukipata kadi ya PCI Express, bati lake la nyuma laweza kuwa refu kuliko nafasi. Uliza kama boksi lina bati fupi la akiba. Habari njema ni kwamba kadi fupi ya PCI Express x1 hukaa vizuri hata kwenye sloti ndefu ya x16, kwa hiyo usiogope ukiona sloti inabaki wazi upande mmoja. Kabla ya kufungua kasha, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe, halafu gusa chuma cha kasha.

Na ukiongeza kadi, si lazima uzime sauti ya mazabodi kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe. Waliotumia kadi ya Sound Blaster enzi za DOS, mfumo wa kabla ya Windows, wanakumbuka mstari wa SET BLASTER=A220 I5 D1, namba ambazo zikigongana na za kifaa kingine, kompyuta inaganda. Siku hizi kadi mbili hukaa nyumba moja bila ugomvi. Unachagua tu ipi iwe na tiki.

"Namba kubwa, sauti tamu"

Boksi limeandikwa 24-bit, 192 kHz, na mnunuzi ameshashawishika. Bit ni undani wa kila kipimo cha sauti (sampuli), na kHz hapa ni maelfu ya sampuli kwa sekunde. CD ya muziki ni 16-bit kwa 44.1 kHz, na hiyo inatosha kubeba mawimbi hadi kama 22,000 Hz (mitetemo kwa sekunde), wakati sikio la kijana mzima linaishia karibu 20,000. Wimbo uliobanwa kuwa MP3 ya 128 kbps haurudishiwi kilichotupwa hata uupitishe kwenye kadi ya dhahabu. Kadi nzuri unailipia vitu vingine: ukimya pale muziki unaponyamaza, nguvu ya kusukuma hedifoni zinazotaka umeme mwingi, na matundu ya maana ya maiki. Wanaorekodi huitaka pia ili kupunguza ucheleweshaji, yaani muda kati ya kuimba na kujisikia. Ukiweka bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) ya sampuli 1,024 kwa 48 kHz, unasubiri milisekunde 21. Ukishusha hadi 256, ni kama 5. Mwimbaji anaisikia tofauti hiyo kwenye hedifoni.

"Maiki ni maiki"

Tundu la waridi limetengenezwa kwa maiki ndogo ya kompyuta, na hutoa umeme kidogo wa kuiendesha. Maiki ya karaoke ni kitu kingine: ukiiunga hapo kwa kipunguza plagi, inafanya kazi lakini sauti ni hafifu, ukiipandisha inakuja na mvumo. Inataka mikisa (mashine ya kuchanganya na kukuza sauti za maiki), au kadi ya USB yenye tundu lake. Hedifoni za simu nazo zina plagi moja yenye pete tatu nyeusi, ikibeba sauti na maiki pamoja. Kwenye kompyuta yenye matundu mawili utasikia muziki, lakini wenzako kwenye mkutano hawatakusikia. Kuna waya mfupi wa kugawa, wenye mikia miwili, unamaliza hilo kwa bei ya chai na chapati.

"Spika zikinguruma, badilisha kadi"

Sikiliza kwanza aina ya kelele. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi unatoka ndani ya kasha, na kadi mpya ya ndani itakaa katika kelele ile ile. Jaribu tundu la nyuma badala ya la mbele, au kadi ya USB inayokaa nje.

Muungurumo mzito, usiobadilika, ni umeme wa ukutani wenyewe, 50 Hz na vizidisho vyake. Ukigusa chuma cha kasha na ukahisi kama mchwa wanatembea kidoleni, soketi yako huenda ina tundu la tatu lisilo na waya wa ardhi nyuma yake. Hilo ni la fundi umeme, si la fundi kompyuta. Usikate mguu wa ardhi wa plagi ili kuua kelele, kama wengine wanavyoshauriana. Unabaki na kasha ambalo siku likivujisha, mwili wako ndio waya. Soketi ikiwa nzima na muungurumo ukabaki, na amplifaya yako imeungwa na TV pia, chomoa waya wa antena kwenye TV. Ukikoma, umeupata mzunguko wa ardhi, yaani vifaa vilivyoungana huku vimefika ardhini kwa njia mbili, na kadi yako iache ilipo.