Pinot noir ya California haizidi kunoga milele
Ile stori kwamba waini ikikaa miaka mingi ndo inazidi kuwa tamu, kwa pinot noir (aina ya waini nyekundu) ya California sio kweli kihivyo. Zabibu yake ina ganda jembamba, tanini kidogo (ule ukakasi unaosaidia waini idumu), kwa hiyo chupa nyingi za Sonoma, eneo la waini huko California, zinanoga ndani ya miaka 5 mpaka 10 hivi, na zile za bei chee kunywa mapema tu. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uone: ikiwa changa ni nyekundu ya kung'aa, inanukia cheri na stroberi, ikizeeka ukingoni inakuwa kama tofali, matunda yanafifia unaanza kusikia harufu ya uyoga na majani yaliyolowa mvua (mi naipenda hiyo, wengine wanasema imeoza). Ikipitiliza hapo unabaki na uchachu tu, na ukiiweka kwenye kabati la jikoni lenye joto ndo inawahi zaidi.