Dhana potofu kuhusu umoja wa Wakenya na vyombo vya habari

Uchaguzi ukikaribia Kenya haya maneno yanarudi yaleyale, ati sisi tuko kabila nyingi sana ndio maana hatukai pamoja, ati redio za lugha za mama zifungwe, ati waandishi wanyamaze tupate amani. Nimeyaskia kwa matatu, kanisani, hata nyumbani kwetu, na yananiuma manake watu wanayarudia kwa nia njema kabisa na mengi si kweli.

Ati "redio za kikabila ndizo zilituletea vita"

Tuanze na tarehe. Mapigano ya Rift Valley yalianza Oktoba 1991 pale shamba la Meteitei, Nandi, halafu yakafika Molo, Burnt Forest, hadi Enoosupukia 1993. Wakati huo redio ilikuwa KBC ya serikali peke yake. Capital FM, stesheni ya kwanza ya FM ya binafsi, ilikuja 1996, na Kameme ya Kikuyu ikaja 2000. Sasa hao wa 1991 walichochewa na FM gani? Walichochewa kwa mikutano ya wanasiasa, na neno lenyewe lilikuwa Kiswahili kabisa, madoadoa, yaani watu wa kabila lingine wanaoishi katikati yenu. Ukiskia "toeni madoadoa" unajua ni wewe na unafunga virago usiku huohuo. Tume ya Uwiano na Utangamano ilipotoa orodha yake ya maneno ya chuki 2022, madoadoa bado lilikuwemo, miaka 30 baadaye!

Hiyo haisafishi redio za wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kulikuwa na makosa makubwa, lakini yalikuwa makosa ya kazi, si ya lugha. Kipindi cha kupiga simu, msikilizaji anaingia hewani moja kwa moja, hakuna mtambo wa kuchelewesha sauti hata sekunde chache, mtangazaji hajafunzwa kumkata mtu, na huyo mpigaji anaongea kwa mafumbo, kama yale yaliyoripotiwa wakati huo ya "watu wa maziwa" kuambiwa "wakate nyasi", yaani wafugaji wawafukuze wengine. Mwenye stesheni amekaa Nairobi, mhariri pengine hata haelewi hilo fumbo, lakini kule kijijini kila mtu ameelewa. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM ya Kikalenjin, alipelekwa hadi mahakama ya kimataifa ya jinai, ICC, kule Hague, akakana mashtaka, na Aprili 2016 majaji wakasimamisha kesi bila kumhukumu, kwa hivyo si haki kumtaja kama mtu aliyepatikana na hatia. Na ukifunga hizo stesheni, shosho wangu atajua wapi bei ya maziwa na siku ya chanjo?

Ati "serikali ikizima matangazo, fujo hupoa"

Hii nimeiishi. Jioni ya 30 Desemba 2007 Kibaki alitangazwa mshindi na akaapishwa jioni hiyohiyo, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya laivu. Sisi tulikuwa Nakuru, na mji wetu ulichomeka mwisho wa Januari, marufuku ikiwa bado ipo. Runingani nyimbo na vipindi vya zamani, nje moshi. Watu hawakuacha kutafuta habari, walizitafuta kwa simu, na meseji zilikuwa zinaingia kila saa. Siku moja mama alipata meseji kwamba watu wa kabila fulani wamepangwa waje mtaani kwetu usiku na panga, akaanza kufunga nguo zetu kwa shuka. Jirani yetu wa hilo kabila, mama ambaye tulichota maji naye miaka yote, akaja mlangoni akitetemeka na simu yake mkononi, yeye naye ameandikiwa kwamba sisi ndio tunakuja kwao. Wakaweka zile simu mbili pamoja. Ilikuwa meseji ileile, neno kwa neno, ni majina ya kabila tu yamebadilishwa! Tulilala nyumba moja usiku huo, wote.

Ni wakati huohuo wa giza Wakenya walianzisha tovuti ya Ushahidi, Januari 2008, ili watu watume ripoti za kinachotokea na ziwekwe kwa ramani. Lakini hatukujifunza, Januari 30, 2018 runinga kubwa zikazimwa tena kwa sababu ya kuonyesha kiongozi wa upinzani Raila akijiapisha Uhuru Park, na hata korti iliposema ziwashwe zilikaa kwa giza siku kadhaa.

Ati "tungekuwa na lugha moja tungekuwa salama"

Rwanda wote wanaongea Kinyarwanda, na redio ya RTLM ilihimiza mauaji ya kimbari ya 1994 kwa Kinyarwanda hichohicho. Somalia karibu wote ni lugha moja na dini moja na serikali ilianguka 1991. Nakipenda Kiswahili lakini tusikitwike mzigo usio wake.

Ati "ilikuwa kabila kwa kabila tu"

Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu hizo za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilikuwa vya risasi. Zaidi ya theluthi. Raia wengi walikuwa na panga na mishale, bunduki nyingi zilikuwa za polisi. Ndiyo, Kiambaa karibu na Eldoret watu walichomwa kanisani kwa sababu ya kabila na hilo tusilifiche hata kidogo, ila mwandishi akiandika "makabila yapigana" halafu anaweka kalamu chini, aliyefyatua risasi ameponea, na aliyelipia vijana ameponea pia.

Ati "mwandishi mzalendo hunyamaza"

Januari 3, 2008 magazeti yetu makubwa yalitoka na kichwa kimoja, kuomba nchi iokolewe. Ilikuwa sawa, nchi ilikuwa inawaka. Shida ni kwamba ile roho ilibaki, na kwa uchaguzi wa 2013 mitambo ya kutambua wapigaji kura ikafeli, ya kutuma matokeo ikafeli, na vyombo vikahubiri amani kuliko kuuliza maswali. Nusu ya nchi ilimeza hasira yake, na hasira iliyomezwa si umoja.

Uchaguzi wa 2022 ulikuwa tofauti kidogo, tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo 46,229 kwa mtandao na runinga zikaanza kujumlisha zenyewe. Lakini kila moja ilianza na fomu zake, huku huyu anaongoza, kule yule, na hawakutueleza vizuri kwa nini zinatofautiana, halafu karibu na mwisho wakapunguza kasi, wengine wakaacha. Pale kwa kinyozi wetu kulikuwa na runinga moja na simu ya mtu inaonyesha stesheni nyingine, watu karibu washikane mashati, hadi kijana mmoja akafungua zile fomu za kaunti yetu kwa simu, akaomba kalamu, na tukaanza kusoma namba kwa sauti, mmoja mmoja, hadi usiku.