“Nimemaliza Kozi ya Alama, Naomba Kazi ya Ukalimani”

Ujumbe huu naupokea mara kwa mara hapa Mtwara, na wenzangu wa Lindi wanasema nao wanaupata. Ukimuuliza mhusika kozi hiyo ya lugha ya alama ilikuwa ya muda gani, atakuambia wiki mbili, akizidisha sana ni mwezi. Anao cheti na anataka kazi mahakamani, hospitali au kwenye mkutano wa hadhara. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, kwa sababu akikosea hapati hasara yeye. Hasara anaipata kiziwi aliyekuja kueleza ugonjwa wake.

Dhana: Ukishajua alama nyingi, wewe ni mkalimani

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Lugha ya Alama ya Tanzania si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake, na sehemu kubwa ya sarufi hiyo iko usoni. Alama zilezile zinaweza kuwa maelezo au swali, na kinachotofautisha ni nyusi na kichwa. Katika kitenzi kama kupa, mkono unatoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji, kwa hiyo mwendo wenyewe umeshasema nani kampa nani. Watu wanaozungumziwa huwekwa mahali pao hewani, na ukisahau uliyemweka kulia na uliyemweka kushoto, habari nzima inavurugika. Mwanafunzi wa wiki mbili hayajui haya. Anachukua sentensi ya Kiswahili, anaweka alama moja kwa kila neno, uso mkavu. Viziwi wanaitikia kwa kichwa kwa adabu tu, naye anaondoka akiamini kazi imefanyika.

Chukua mkutano wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kule Tandahimba baada ya mnada wa korosho. Katibu anasoma bei, kisha makato: ushuru wa halmashauri, usafirishaji, fungu la chama kikuu. Kama mkalimani mwenyewe haelewi mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka mzigo ghalani na kupewa stakabadhi kabla haujauzwa mnadani, hawezi kuufasiri, hata awe na alama elfu. Lakini tuseme hapo amepita. Sasa mkulima kiziwi ananyoosha mkono. Anaeleza kwamba mzigo wake ulipimwa mbele yake, kwamba kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi ni pungufu, na anataka kujua tofauti imekwenda wapi. Mkalimani wetu anakodoa macho, anaomba arudie, kisha anauambia mkutano: “Anauliza kuhusu kilo.” Hoja nzito ya mtu mzima imegeuzwa kuwa maneno matatu ya kitoto, na wanachama wanaondoka wakidhani mwenzao hana la kusema. Hili linanikera hadi leo, kwa sababu wanaojifunza hupenda kusimama mbele na kurusha mikono, ilhali kipimo cha mkalimani ni kumsoma kiziwi anayeongea kwa kasi yake na kumpa sauti iliyo kamili.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wanafunzi hawaupendi: anza na upande huo. Mwombe kiziwi ruhusa umrekodi kwa simu akisimulia jambo. Tazama, lisimulie kwa Kiswahili bila kusimamisha video, andika ulichosema, kisha mpelekee yeye mwenyewe asome akusahihishe. Kama hasomi, mrudishie kwa alama. Nenda kakae na viziwi barazani, sokoni na kwenye shughuli za CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Hesabu kwa miaka, achana na wiki. Cheti chako kitunze, ila kichukue kama ruhusa ya kuanza kujifunza.

Dhana: Lugha ya alama ni moja dunia nzima

Hapana. Marekani na Uingereza zote zinaongea Kiingereza, lakini lugha zao za alama hazielewani. Hata alfabeti ya vidole, Wamarekani hutumia mkono mmoja na Waingereza miwili. Kenya wana yao, na Katiba yao ya 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hapa kwetu pia kuna tofauti kati ya aliyesoma Tabora, ambako shule ya viziwi ilianza mwaka 1963, na aliyesoma shule ya viziwi ya Buguruni, Dar es Salaam. Usijifunze alama za Kimarekani kwenye intaneti halafu ukamlaumu mama wa Newala kwamba hakuelewi. Na kama mama huyo hakwenda shule kabisa, anatumia alama za nyumbani kwao. Hapo mkalimani mwenye akili anaomba afanye kazi pamoja na mkalimani ambaye naye ni kiziwi.

Dhana: Mtoto wa viziwi tayari ni mkalimani

Ana msingi mzuri wa lugha, lakini bado anahitaji mafunzo. Na tuache kabisa kumtumia mtoto wa miaka kumi kumfasiria mama yake kliniki. Kuna majibu ya vipimo ambayo mtoto hapaswi kuyabeba.

Dhana: Kiziwi ataandikiwa tu

Wengi walichelewa shule au hawakuipata, na Kiswahili kwao ni lugha ya pili. Fomu ya ridhaa ya upasuaji haisomeki kwa kubahatisha.

Dhana: Ni kazi ya kujitolea, posho ya soda inatosha

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja wakalimani wa kitaalamu wa lugha ya alama. Kazi ya kitaalamu hulipwa. Semina ya siku nzima inahitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila dakika 20 au 30, maana ubongo ukichoka makosa huanza kabla mwenyewe hujayaona. Mwandalizi akikuambia bajeti inamtosha mmoja, mweleze hilo kabla ya kupokea kazi, na akishikilia, ikatae.